Daftari la Mahasimu wa Hogeduin

Krijn Boogert alikuwa mwoka mikate wa Oudekreke, kijiji cha kisiwani, beki wa kulia wa timu ya Kreekvogels, na katibu wa klabu hiyo kwa miaka kumi na mitatu. Katika kazi hizo tatu, ya mikate ndiyo pekee aliyoimudu. Uwanjani alikuwa mzito wa kugeuka, na ukatibu alipewa kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Lakini asubuhi ile ya Machi 1954, alipolisukuma daftari la kumbukumbu za klabu ndani ya tanuri lililokuwa limeanza kupoa, mikate haikuwamo akilini mwake hata kidogo. Aliomba kimoyomoyo walau kurasa za mwanzo ziokoke.

Daftari lilikuwa limekaa miezi kumi na mitatu ndani ya sanduku la bati, chini ya benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Miezi tisa kati ya hiyo bahari iliingia na kutoka juu yake mara mbili kwa siku, kama mwenye nyumba. Februari ya mwaka uliotangulia tuta la bahari lilikuwa limepasuka, na kijiji kizima kikalala chini ya maji. Waliosalia walichukuliwa kwa mashua wakatawanywa. Krijn alikwenda Rotterdam, akaoka mikate ya watu wengine, akisikiliza redio kila jioni kujua kama lile pengo la mwisho limezibwa. Kaka yake Leendert hakuondoka. Alikuwa amerudi bandani kuwafungulia farasi kamba. Farasi wawili walionekana wakiwa hai juu ya tuta.

Alipolitoa daftari tanurini, karatasi zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama biskuti, na wino wote ulikuwa umegeuka wingu la samawati. Krijn alifunua ukurasa mmoja, wa pili, wa ishirini. Majina, mabao, ugomvi wa vikao, yote yalikuwa yamefutika. Ukurasa wa kwanza ulivunjika mkononi mwake.

Hilo lisingekuwa balaa kubwa kama barua isingekuwa imefika wiki ileile. Chama cha mpira cha wilaya kilitaka kupanga upya ligi ya Jumamosi. Kila klabu ya maeneo yaliyofurika ilitakiwa, kabla ya mwisho wa Juni, kupeleka nakala ya kumbukumbu za kuanzishwa kwake, majina ya waasisi, na orodha ya wachezaji kumi na mmoja. Itakayoshindwa ingefutwa kwenye orodha, na ikitaka kurudi ingeanza upya kama klabu changa, chini kabisa.

Krijn aliichukua barua hiyo akaenda kwa shemeji yake, Jacomina, mjane wa Leendert. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya mbao iliyotolewa na watu wa Norwei, mlango mwekundu, bado ina harufu ya msumeno. Jacomina alisoma barua akiwa amesimama, kisha akairudisha.

"Mpira," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Watu ishirini na sita tumewazika, nusu ya kijiji wamepanda meli kwenda Kanada, ng'ombe hakuna, na wewe umekuja kunizungumzia mpira."

"Leendert alikuwa mmoja wa walioianzisha. Nilidhani labda aliwahi kukutajia majina ya wenzake."

"Leendert alikuwa akinitajia majina ya farasi." Aligeukia jiko, akaanza kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Nenda ukaoke mikate, Krijn. Watu wanahitaji kula."

Krijn aliondoka bila kubishana. Alipita uwanjani, kama alivyokuwa akipita kila siku tangu arudi, na kila siku alijuta. Hapakuwa na jani hata moja. Tope la kijivu lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vipande, na kila mahali palikuwa na magamba ya kome, maelfu kwa maelfu, makali kama wembe. Lango la upande wa kanisa lilikuwa bado limesimama, mwamba wake umevaa mwani. Bwana shamba wa serikali alikuwa amewaambia wakulima kwamba chumvi ardhini ingechukua mwaka au miwili kutoka, na kwamba lazima wamwage jasi kwanza. Hakuna aliyemuuliza habari za uwanja wa mpira.

Kwa mwezi mzima Krijn alihangaika na wazee. Waasisi waliobakia hai walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Kanada. Wa pili, fundi viatu mstaafu aliyeitwa Adriaan, alikumbuka vizuri sana, ila kila mara alikumbuka jambo tofauti. Jumatatu klabu ilianzishwa mwaka 1929, Alhamisi ikawa 1933. Kitu kimoja tu hakikubadilika katika simulizi zake: kwamba mpira wa kwanza wa Kreekvogels aliushona yeye kwa mikono yake, kwa ngozi ya ndama.

Mwishoni ilibaki sehemu moja tu ya kuuliza, na Krijn alikuwa akiijua tangu mwanzo. Ilikuwa Hogeduin.

Hogeduin ilikuwa kilomita sita kutoka Oudekreke, juu ya vilima vya mchanga, na maji hayakuigusa. Watu wa kule waliwaita watu wa Oudekreke bata, kwa sababu waliishi bondeni. Nao bata waliwaita wao mbuzi. Utani huo ulikuwa wa zamani na haukumuumiza mtu, mpaka mwaka 1938, katika mechi ya kuamua bingwa, pale kiwiko cha Krijn Boogert kilipokutana na pua ya Izaak Moelker, mshambuliaji wa kati wa Hogeduin. Krijn aliapa haikuwa makusudi. Pua ilipona ikiwa imeelekea kushoto. Tangu siku hiyo timu hizo zilicheza bila kupeana mikono, na sasa Izaak ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Hogeduin, kama baba yake kabla yake.

Krijn alipanda baiskeli Jumatano mchana akiwa na mikate sita ya mdalasini kwenye kapu. Izaak alikuwa na bucha karibu na kanisa. Alikuwa akikata mbavu, na hakuinua kichwa.

"Nasikia harufu ya bata," alisema.

"Habari za mchana, bwana Moelker."

"Zilikuwa nzuri." Akashusha shoka, mbavu zikaachana. "Umekuja kuimalizia pua, au?"

"Nimekuja kuomba kitu."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja nyama walisogea karibu ili wasikose neno. Krijn alieleza yote palepale, kuhusu barua, daftari, wino, hata Adriaan na ngozi yake ya ndama. Alisema kwamba Hogeduin ndiyo timu ya kwanza Kreekvogels kucheza nayo, na kwamba labda katika madaftari yao kuna tarehe ya mechi hiyo. Tarehe tu ingetosha.

Izaak alifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama Krijn kwa muda mrefu, kutoka kofia hadi viatu vya mbao.

"Adriaan anasema alishona mpira?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mwongo mkubwa yule!" Uso wa Izaak ulichangamka ghafla, kama mtu aliyeletewa zawadi. "Mwongo! Subiri hapo. Usiondoke. Wewe mama, mlinde huyu bata asiruke."

Alipanda ngazi za nyuma kwa kishindo. Wakamsikia akiburura vitu juu ya dari. Alishuka na daftari nene lenye jalada jeusi, akalipiga vumbi, akalifungua juu ya meza ya nyama, akafuatisha mistari kwa kidole. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kisha akalifunga pap.

"Limo," alisema.

"Tarehe?"

"Yote yamo. Zaidi ya unavyotaka. Mzee wangu alikuwa haandiki kidogo."

"Naomba basi ninakili, hapahapa, sitachukua…"

"Hunakili kitu. Daftari hili halitoki Hogeduin bila mimi, na mimi sisomi kwa mtu mmoja. Nataka mkutano. Nataka bata wote wakae chini kimya wanisikilize, na Adriaan akae mbele. Jumamosi, saa nane mchana. Mtanipa kahawa." Akakichungulia kile kikapu. "Na hiyo mikate iache."

Krijn alirudi akiwa hajui kama ameshinda au ameshindwa. Alitangaza dukani kwamba Izaak Moelker anakuja kuwasomea historia yao, na habari ikazunguka kijiji kabla unga haujaumuka. Wengine walicheka, wengine walitukana. Jumamosi wote walikuja. Chumba cha shule kilikuwa na madawati machache tu yaliyookolewa, kwa hiyo watu kama arobaini walisimama ukutani, chini ya mstari wa kijivu ulioonyesha maji yalikofika, juu kidogo ya vichwa vyao. Jacomina alikuja mwisho, akasimama karibu na mlango, koti lake akiwa hajalivua.

Izaak aliingia kwa suti ya kanisani, na nyuma yake mwanawe Marien, kijana mrefu wa miaka ishirini na miwili aliyejulikana kisiwani kote kwa mashuti yake ya mguu wa kushoto. Izaak alikunywa kahawa taratibu, akavaa miwani, akamtafuta Adriaan kwa macho mpaka akampata.

"Jumamosi, tarehe tisa Mei, 1931," alisoma. "Bata wa Oudekreke wameanzisha timu, wanajiita Kreekvogels. Leo wamekuja kucheza na sisi. Hata mpira hawana. Tumewaazima wetu wa zamani wauchukue nyumbani kufanyia mazoezi, maana ni aibu kwa kisiwa kuona watu wazima wakipiga kibofu cha nguruwe."

Chumba kizima kilimgeukia Adriaan.

"Niliushona baadaye," Adriaan alisema.

"Ulishona ulimi wako baadaye!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikaanza, kwanza kwa woga, kisha kikazidi, mpaka Adriaan mwenyewe akaficha uso kwa kofia mabega yakimtikisika. Krijn aligundua kwamba tangu arudi kijijini hakuwahi kusikia watu wengi hivyo wakicheka mahali pamoja.

Izaak alingoja. Alikuwa anastarehe.

"Ninawaandika mmoja mmoja," aliendelea kusoma, "ili wakikana kwamba mpira ni wetu, tuwe na ushahidi." Akaanza kutaja majina. Kipa, mabeki, viungo. Kwa kila jina mtu fulani ukutani aliinua kichwa, kwa sababu lilikuwa la baba, au la mjomba, au la jirani. Wanne kati yao walikuwa katika makaburi mapya. "Winga wa kushoto, Leendert Boogert, miaka ishirini, mwana wa mwoka mikate. Huyu ni shetani. Ametufunga mabao matatu, na baada ya kila bao alikwenda kumwomba radhi kipa wetu. Tumeshindwa kumchukia, ingawa tumejaribu."

Hakuna aliyecheka. Izaak aliinua macho juu ya miwani, akaona watu wote wanatazama mlangoni, akaelewa. Uso wake mpana ukawa mwekundu.

"Samahani, mama," alisema. "Sikujua kama… Ni mzee wangu ndiye aliyeandika."

"Rudia," Jacomina alisema.

"Mama?"

"Pale penye shetani. Rudia, tafadhali. Polepole."

Izaak alirudia. Sauti yake haikuwa tena ya mtu anayewasomea mahasimu. Jacomina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akatafuta mahali pa kukaa. Walisoma mpaka kahawa ikaisha mara mbili. Daftari la Hogeduin lilikuwa na miaka ishirini na miwili ya Kreekvogels, yote kwa matusi. Vikosi vilikuwamo, matokeo, nani alivunjika mguu, nani alicheza akiwa na homa, mwaka ambao vita vilisimamisha ligi na timu mbili zikacheza kwa siri, mshindi akipewa gunia la viazi. Hata kiwiko cha 1938 kilikuwamo. Izaak alipofika hapo alimtazama Krijn.

"Hapa imeandikwa ilikuwa makusudi."

"Haikuwa."

"Imeandikwa."

"Niliteleza, bwana Moelker. Naapa mbele ya hawa wote."

Izaak aliigusa pua yake. "Nitaandika pembeni, 'Bata anadai aliteleza'," alisema, na kweli akatoa kalamu akaandika.

Krijn alinakili kurasa za mwanzo siku ileile, na Izaak akatia sahihi chini kuthibitisha. Kilichobaki kilikuwa wachezaji. Walihesabu waliorudi. Walikuwa tisa, pamoja na Krijn mwenyewe aliyekuwa na miaka thelathini na minane.

"Tisa," Izaak alisema. "Hata kwa kuwakimbiza nguruwe hamtoshi." Akageuka. "Marien."

"Baba?"

"Msimu huu unacheza na bata. Wewe na binamu yako."

Marien alitoa macho. "Mimi? Na tukikutana nao, yaani na sisi, je?"

"Unacheza kwa nguvu zote. Nikikuona umelegea nakunyima chakula." Akamgeukia Krijn. "Na uwanja hamna, najua, nimepita. Mtatumia wetu mpaka wenu uote. Ila lango la upande wa kaskazini ni letu siku zote kipindi cha kwanza. Upepo ule tumeuzoea sisi."

Jumatatu iliyofuata, Krijn akipeleka mikate, alimwona mtu ameinama katikati ya uwanja. Alikuwa Jacomina, na ndoo, akiokota magamba ya kome.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Huoni? Mtu akianguka hapa atachanika magoti." Hakusimama. "Leendert alikuwa anaanguka sana."

Krijn aliweka baiskeli chini akaokota naye mpaka mikate ikapoa. Kesho yake walikuwa watano. Kufikia Mei wanawake wa kijiji walikuwa wamejigawia uwanja kwa kamba, kila mmoja na sehemu yake, wakishindana nani anajaza ndoo nyingi, na wanaume wakisukuma toroli za jasi nyuma yao wakiwa weupe kama mizimu. Magamba yaliyokusanywa yalimwagwa kwenye njia ya kuingilia, na yapo mpaka leo, yamesagika.

Barua ya chama cha wilaya ilifika wiki ya mwisho ya Juni. Kreekvogels ilitambuliwa, iliyoanzishwa tarehe 9 Mei 1931. Msimu huo walicheza kila mechi ya nyumbani kilomita sita kutoka nyumbani, na wakamaliza wa pili kutoka mwisho. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa Marien, ambaye alilalamika kila wiki kwamba Krijn hajui kutoa pasi.

Nyasi zilipandwa masika ya 1955. Zilichipua vibaya, madoa madoa, kama kichwa cha mtu anayeanza kuota upara, ila zilichipua. Jacomina alizuia mtu yeyote kukanyaga mpaka Septemba. Hata mchungaji wa kanisa alifukuzwa siku moja alipojaribu kukatisha njia.

Jumamosi ya kwanza ya msimu, Hogeduin ilishuka Oudekreke kwa malori mawili. Kijiji kizima kilikuwa pembeni ya uwanja, na watu wa vijiji vingine waliofurika nao walikuja, wengine kwa baiskeli za mwendo wa saa mbili. Kabla ya mechi manahodha walipeana mikono. Izaak alisimama karibu na bendera ya kona akijifanya anaangalia mawingu.

Hogeduin walikuwa bora zaidi, hilo lilionekana mapema. Walifunga kabla ya nusu saa, wakafunga tena mara baada ya mapumziko. Krijn alikimbia mpaka mapafu yakamwaka. Zikiwa zimebaki dakika kumi alimwona winga wao anakuja, akateleza kwa miguu yote miwili, akaugusa mpira kabla ya kumgusa mtu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake pasi yake ilikwenda alikotaka. Marien, aliyekuwa bado akiichezea Kreekvogels, aliipokea, akampita beki mmoja aliyekuwa rafiki yake wa utotoni, akapiga kwa mguu wa kushoto. Wavu ulitikisika.

Kelele zilizotoka zilifanya shakwe waruke juu ya kanisa. Izaak alivua kofia akaitupa chini, akaikanyaga. "Mwanaharamu!" alifoka. "Nani alimfundisha mwanaharamu huyu kupiga vile?" Kisha akakumbuka ni nani, akaokota kofia yake, akaanza kupiga makofi pamoja na wengine.

Kreekvogels walifungwa mbili kwa moja. Krijn alibaki ameketi pale alipoteleza, hana nguvu za kusimama. Jacomina alimjia akiwa na taulo, akamtazama kaptula, ile nyeupe aliyoishona mwenyewe. Ubavu mzima wa kulia ulikuwa wa kijani.

"Tazama ulivyoiharibu," alisema. "Hii haitoki hata ukiichemsha."

"Nipe mpya basi."

"Hupewi. Utacheza nayo hivyohivyo." Akainama akachuma unyasi mmoja uliong'ang'ania gotini kwa Krijn, akautia mdomoni akautafuna. "Hauna chumvi," alisema. "Hebu onja."

Krijn alionja. Kutoka kwenye bendera ya kona Izaak alikuwa anakuja na kofia iliyopondeka, mkono juu, tayari anapiga kelele kwamba bao lile lilikuwa la kuotea, na kwamba refa wa mechi ya marudiano atamchagua yeye. Krijn alijiinua kwa kumshika shemeji yake bega, akaenda kumbishia.